Leland Prochaska, Aliyemfuta Mtu Kitabuni

Padri wetu, ndugu, majirani wa Mtaa wa Cutler, na ninyi mliosafiri kwenye theluji hii na madaftari yenu kwapani, familia imemtuma Arlene, dada wa marehemu, asome historia ya kaka yake, na Arlene anaomba asikatizwe, maana akikatizwa atalia, na akianza kulia hatamaliza, na kuna jambo humu ambalo ni lazima limalizwe.

Marehemu Leland Anton Prochaska alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1941, hapa hapa Harlan Falls, Ohio, nyumbani, Mtaa wa Cutler, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa mzee Anton Prochaska, mpuliza chupa, na Bi Ludmila, wote wametangulia mbele za haki, kama alivyotangulia mtoto wao wa kwanza Raymond mwaka 1998, kwa hiyo kuanzia leo aliyebaki ni Arlene peke yake. Tangu utotoni marehemu alikaa barazani na baba yake wakisikiliza besiboli redioni, akiandika kila pointi kwenye karatasi za kufungia mkate, na akiwa na miaka saba alimwandikia mtangazaji barua kumwambia amekosea idadi ya mipira, na mtangazaji akajibu kwamba kweli amekosea, jambo ambalo familia inaamini ndilo lililomharibu.

Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1947, kisha sekondari ya Harlan Falls, alikohitimu Juni 1959, hesabu akiwa wa kwanza, uchezaji akiwa wa mwisho, kwani hakuweza kudaka hata soksi ukimrushia. Baada ya miaka miwili ya jeshi alirudi na kuajiriwa kiwandani tarehe 4 Septemba 1962 kama mkaguzi wa chupa, kazi aliyoifanya miaka thelathini na nane, akisimama mbele ya taa kutwa nzima akitoa kwenye mstari kila chupa yenye ufa, na wenzake wanakumbuka kwamba hakuwahi kusema hii ina nafuu, iacheni ipite.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Bi Verna Oberholt katika kanisa hili, na fungate wakaenda Indiana, ambako bibi harusi aligundua siku ya pili kwamba safari ilipangwa karibu na makaburi matatu ya wachezaji wa zamani ambao tarehe zao za kufa hazikuwa zikijulikana, akatembea kwenye nyasi ndefu na viatu vya harusi, akamwambia, "Leland, mwanaume mwingine angenipeleka kuona maporomoko," na Leland akajibu, "Maporomoko yamo kwenye ramani, mke wangu, huyu mtu hayumo." Mungu aliwajalia watoto wawili, Gwendolyn, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1965, na Dale, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1968, na wajukuu watano.

Mwaka 1974 marehemu alijiunga na chama cha watafiti wa historia ya besiboli, ninyi mliokaa upande wa kushoto mnakifahamu, akaanza kuchangia vitabu vyenu, si kwa mshahara bali kwa nakala moja ya kitabu na jina mwishoni kwa herufi ndogo, na kwa miaka arobaini na mitano aliandika masimulizi ya michezo mia moja na kumi na miwili, na wasifu wa wachezaji arobaini na mmoja, watu wa kawaida wote, waliocheza msimu mmoja au mwezi mmoja katika ligi ndogo za jimbo hili, kisha wakarudi migodini, mashambani na kwenye reli. Mwaka 1983 aliwaandikia kanuni ambayo mnaitumia hadi leo, kwamba mchezaji haingii kwenye kitabu kikuu cha majina bila maandishi yaliyochapwa siku ya mchezo wenyewe, wala kumbukumbu ya mtu haitoshi, hata awe nani.

Hapa, ndugu zangu, historia nyingine zingeruka kwenda kwenye ugonjwa, na wapo jamaa waliomshauri Arlene aruke, wakisema ya marehemu husitiriwa. Lakini Leland alikosea mbele za watu, kitabuni, kwa wino, na Bi Verna amesema, "Soma yote, wifi, alitaka kuyasema mwenyewe akakosa pumzi."

Palikuwa na mtu wa reli mjini hapa akiitwa Alvin Teague. Tarehe 18 Agosti 1927, siku ya Alhamisi, akiwa na miaka ishirini na miwili, timu yetu ya Wapuliza Kioo ilipungukiwa watu kwa sababu ya homa, ikamchukua Alvin akae benchi kwa siku hiyo moja, dhidi ya Corbin Mills. Mara moja tu katika maisha yake jina lake liliandikwa miongoni mwa wachezaji wa kulipwa, mchezo mmoja, likakaa kitabuni miaka yote hiyo, na kwenye ukuta wa kumbukumbu pale uwanjani likawekwa kwenye kibao cha shaba.

Mwaka 1986 marehemu alifungua filamu yenye picha za gazeti letu la jioni la siku ile pale maktaba, akakuta jedwali la mchezo, awamu saba, Wapuliza Kioo tano, Corbin Mills nne, na Alvin Teague hayumo. Kwa wajukuu mnaotazama simu kuliko mpira, mchezo huwa na awamu tisa, na mtu yeyote wa kawaida angejiuliza mbili zimekwenda wapi, lakini kaka yetu hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa mtaalamu, na mtaalamu anajua kwamba siku hizo timu zilikubaliana mara nyingi kuishia awamu ya saba ili wageni wawahi treni. Basi hakujiuliza. Alimwandikia mzee Alvin, aliyekuwa na miaka themanini na mmoja katika nyumba ya wazee, na mzee akajibu kwa mkono wake mwenyewe, tarehe 9 Oktoba 1986, barua ambayo familia inayo, akisema, "Kijana wangu, nilikimbia badala ya mwenzetu Kessler awamu ya tisa maana miguu yake ilikuwa mizito, nikatoka kituo cha kwanza, mwenzangu akaupiga mpira hadi kwenye uzio, nikakimbia mpaka kituo cha nyumbani sikugeuka nyuma, tukashinda sita kwa tano, na mama yangu alikuwa amekaa upande wa jua."

Marehemu aliisoma barua hiyo, akaandika makala kwenye jarida la chama kwamba Alvin Teague ni mchezaji hewa, jina lililoingia kwa uzembe wa karani, na kwamba mzee mwenyewe hakumbuki hata matokeo, anasema sita kwa tano wakati gazeti linasema tano kwa nne. Mlimpigia makofi. Mwaka 1988 mlimpa tuzo kwa makala hiyo, na kitabu kipya kikatoka bila jina la Alvin Teague, na tarehe 3 Januari 1989 mzee Alvin akafa akijua hilo, na Aprili 1990 mafundi wa mji wakang'oa kibao chake ukutani, yakabaki matundu manne ya skrubu.

Jumapili, tarehe 22 Aprili 1990, binti wa mzee Alvin, Bi Maxine, alikuja Mtaa wa Cutler baada ya misa, akakataa kuingia ndani, akasema kwa sauti iliyowatoa majirani nje hadi vibarazani, "Bwana Prochaska, baba yangu hakuwa na cha kujisifia duniani ila zile futi mia mbili na sabini alizokimbia, hakuomba pesa, hakuomba sanamu, sasa wewe umezipeleka wapi?" Na kaka yetu, Mungu amsamehe, alisimama mlangoni na leso yake ya chakula shingoni, akajibu, "Mama, kumbukumbu hudanganya, karatasi haidanganyi," na Bi Maxine akamtazama kuanzia leso hadi viatu, akasema, "Haya, Bwana Karatasi," akaondoka zake. Arlene alikuwepo, akala kuku wake akanyamaza, na hilo nalo amelibeba.

Miaka kumi na minne ikapita. Tarehe 15 Machi 2004, akiwa amestaafu, marehemu aliingia duka la vitu vya zamani kule barabara kuu, akakuta magazeti mawili ya mji wetu ya siku moja, ya Mei 1927, moja lina nyota moja juu ya jina la gazeti na lingine lina nyota tatu, na habari zake hazifanani. Akauliza, akaambiwa na muuzaji, jambo ambalo kila mwuza magazeti wa zamani alilijua, kwamba nyota moja lilichapwa saa kumi na nusu jioni kwa ajili ya wafanyakazi wa zamu, na nyota tatu lilichapwa karibu saa moja jioni, kila kitu kikiwa kimekwisha. Alikimbia maktaba bila kufunga mlango wa gari. Gazeti la tarehe 18 Agosti 1927 kwenye filamu lilikuwa la nyota moja. Mchezo ulianza saa tisa. Haukuwa umekatishwa kwa ajili ya treni, gazeti ndilo lililokwenda mitamboni mpira ukiwa bado unachezwa.

Alirudi nyumbani akakaa ndani ya gari bandani mpaka Bi Verna alipomfuata na koti, akamwambia, "Verna, nimemfuta mtu akiwa hai, na alikuwa ameniambia."

Siku tano baadaye alikwenda kwa Bi Maxine kwa miguu, akamweleza yote akiwa amesimama, na Bi Maxine akasema, "Kwa hiyo alikimbia." Akajibu, "Alikimbia, mama." Bi Maxine akasema, "Hilo nalijua tangu sijaota meno, sikukungoja wewe, niambie jina linarudi lini." Kaka yetu aliahidi litarudi mwaka ule ule. Akaandika kanusho la makala yake, mkalichapa, asanteni, lakini Bwana Thornquist, mhariri wa kitabu kikuu, ambaye ametoka Columbus kuja kutuzikia, alimjibu kwa heshima kwamba kukosea kusema mtu hakucheza si ushahidi kwamba alicheza, na kwamba jina likishatoka haliwezi kurudi bila maandishi ya siku ya mchezo, akamalizia, "Kanuni ni yako, Leland, sisi tunaifuata tu."

Ndipo mateso yalipoanza. Maktaba ilipiga picha nakala moja tu kwa kila siku mwaka 1951, kisha ikatupa karatasi zote, ofisi ya gazeti la Corbin Mills iliungua mwaka 1931, na majedwali ya katibu wa ligi yalioza na maji ya mafuriko, kwa hiyo kama nyota tatu ya siku ile ilikuwepo popote duniani, ilikuwa ndani ya nyumba za mji huu, kwa kuwa wazee wetu walitandika magazeti chini ya mikeka ya sakafu na kuyajaza ukutani kuzuia baridi. Kwa miaka kumi na minne marehemu alibisha hodi, nyumba sitini na tatu, nyingine aliwafuata wabomoaji akiwaomba dakika kumi, akipiga magoti na kisu cha kubandulia rangi, na watu walimcheka, watoto wa Mtaa wa Fenn wakimwita Babu Panya, naye akiwajibu, "Panya ana bahati, anajua anachotafuta kiko wapi." Kila mwezi alikwenda kwa Bi Maxine na pai ya tufaha ya Bi Verna kumwambia hajapata, mpaka siku moja yule mama akaweka pai chini barazani, akasema, "Leland, acha kuniletea pai, niletee gazeti."

Tarehe 7 Novemba 2016 madaktari walimwambia mapafu yake yamekakamaa, labda kwa vumbi la kiwanda, labda kwa vumbi la sakafu, na kwamba yatazidi kukaza mpaka yasimame. Akapewa mtungi wa hewa wa kukokota, akaukokota nyumba hadi nyumba. Tarehe 12 Oktoba 2017, jikoni kwa majirani zetu kina Hrdlicka, tabaka la nne chini ya mkeka, alibandua karatasi, tukasikia kilio, Arlene na Bi Verna tukakimbia kutoka sebuleni tukidhani mtungi umekwisha, kumbe anacheka na kulia pamoja, ameshika ukurasa wa kwanza wa tarehe 18 Agosti 1927, nyota tatu, na chini kabisa mstari mmoja, Wapuliza Kioo washinda sita kwa tano, soma ukurasa wa tisa. Sita kwa tano! Mzee Alvin hakusahau kitu. Tuling'oa jiko lote la watu, tukang'oa na stoo, kina Hrdlicka wenyewe wakishika patasi, na ukurasa wa tisa haukuwepo.

Bwana Thornquist aliandika kwamba ukurasa ule unathibitisha matokeo, hauthibitishi mtu. Ana haki yake, ni kanuni, lakini Arlene hakumpikia kahawa siku alipokuja kumwona mgonjwa, na hajutii.

Kuanzia Krismasi iliyopita marehemu hakuweza tena kupanda ngazi, akalazwa sebuleni karibu na dirisha, na Jumatatu tarehe 28 Januari mwaka huu 2019 alimwita dada yake, akampa bahasha, akamwambia kwa maneno mawili mawili, maana pumzi haikutosha matatu, "Mpelekee Maxine, mwambie imetoka ukutani kwa kina Hrdlicka." Ndani mlikuwa na karatasi ya mwandika alama wa mchezo ule, ya manjano, wino umefifia, awamu zote tisa, na katika ya tisa, Teague anakimbia badala ya Kessler, Teague anafunga. Ilikuwa nzuri mno. Ingempita Bwana Thornquist, ingewapita ninyi nyote wa kushoto, isingempita mtu aliyefundishwa na kaka yake kuandika tarakimu mezani pale pale, akijua jinsi anavyoupinda mguu wa tisa yake. Arlene aliuliza, "Leland, hii umeiandika wewe?" Mtu aliyetupa chupa kwa ufa wa unywele alifumba macho, machozi yakamwingia masikioni, akasema, "Arlene, sina muda. Ana miaka themanini na tisa. Wote hatuna muda."

Arlene hakulala siku mbili, na anakiri mbele ya altare hii kwamba alitaka kuipeleka na kunyamaza. Jumatano alikwenda kwa Bi Maxine, akaweka bahasha mezani, akajaribu kusema imetoka ukutani, ulimi ukakataa, akasema imetoka kwa kaka yake. Bi Maxine alivaa miwani, akaisoma yote, mstari kwa mstari, akafika ya tisa, akarudia, kidole kikiwa juu ya jina la baba yake. Kisha akaikunja kama ilivyokunjwa, akasema, "Mrudishie. Baba yangu hakuingia uwanjani kwa mlango wa nyuma. Mwambie nimeona alivyojitahidi, na mwambie sijamsamehe bado, aamke akatafute."

Marehemu aliambiwa hayo jioni ile ile, neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali, akaomba viatu. Hakuamka. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Februari 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini na saba, Bi Verna akimshika mkono wa kulia, Dale wa kushoto, na karatasi ile aliyoiandika kwa hila Gwendolyn ameiweka kwenye jeneza chini ya mikono yake, ili iondoke naye isimdanganye mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya kaunti, hasa muuguzi aliyekuja nyumbani kila siku na kumwacha azungumzie mwaka 1927 akiwa anapimwa, inawashukuru majirani mliokubali sakafu zenu zing'olewe na hamkudai fundi, kina Hrdlicka zaidi ya wote, ambao wamepika majira mawili ya baridi kwenye jiko lisilo na sakafu, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza, na inawashukuru ninyi wa chama, Bwana Thornquist akiwemo, kwa maana kanuni aliyoishikilia ilikuwa ya kaka yetu, na mngempindishia, angewachukia.

Sasa lililobaki. Bi Maxine yupo humu, kiti cha mwisho karibu na mlango, amekuja kwa kigongo kwenye barafu, na amesema hatashuka nasi chini kula, atasubiri tu asikie jibu. Familia inauliza, kwa kuwa nusu ya nyumba za Harlan Falls zimekaa humu leo. Ukurasa wa tisa, gazeti la jioni, tarehe 18 Agosti 1927, nyota tatu. Kama bibi yako alifungia vyombo, kama uko nyuma ya picha, kama uliwahi kuuona darini ukauacha, kama mlibomoa ukuta mkatupa lakini mnakumbuka mlikotupa, nyoosha mkono. Usione haya, ni kanisa, nyoosha tu. Dada wa marehemu ataacha kusoma, awatazame, kuanzia mbele mpaka kwa yule mama mlangoni.

Hakuna. Haya, nimewaona wote, asanteni.

Basi wewe, Leland, kaka yangu, ulale kwa amani kama watakuruhusu huko uendako, na ukimkuta mzee Alvin Teague, mara hii msikilize.